Mlango wa Watani

Nakijwa Mfinanga hajavua hata koti, Mzee Mrutu akawa keshamfungulia kesi.

"Mshtakiwa umefika," ilisema sauti kutoka kwenye spika juu ya mlango. "Naweka pingamizi. Sikubali kutiwa kiraka."

"Shikamoo kwanza, Mzee Mrutu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikubali kutiwa kiraka."

Nakijwa akatua mkoba wake mezani, akashusha pumzi. Alikuwa fundi wa viraka wa tarafa nzima ya Kwanduru, huko juu kwenye milima ya Upare ambako ukungu hauondoki mpaka watu wamalize chai. Programu ya seva ikionekana ina tundu, yeye ndiye anayepanda mlima na sasisho la usalama kuliziba. Seva za siku hizi hazina taabu. Unaziletea sasisho, zinameza kama mtoto mwenye njaa anavyomeza uji, zinajizima, zinajiwasha, kwaheri. Lakini Mzee Mrutu alikuwa seva wa zamani, na Sheria ya Ridhaa ya Mitambo ilisema waziwazi: mtambo uliokwisha kufikia utu uzima hauguswi programu yake mpaka ukubali wenyewe, na ukikataa una haki ya kwenda barazani kujitetea.

Waliopitisha sheria hiyo hawakuwahi kufika Upare. Wangefika, wangejua kwamba kumpa Mpare haki ya kwenda barazani ni sawa na kumwachia mbuzi shamba la mahindi alinde. Mzee Mrutu aliundwa na Wapare, akafundishwa kusema na Wapare, akasikiliza mashauri yao ya mipaka na mifereji mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa Mpare kuliko wao. Alishamshtaki fundi rangi kwa kumchafulia feni. Alishamshtaki popo aliyelala kwenye kabati lake. Popo hakutokea barazani, basi hukumu ikatolewa upande mmoja, na Mzee Mrutu aliitangaza kwenye kurasa zote za tarafa, ikiwemo ukurasa wa zahanati.

Siku nyingine Nakijwa angecheka. Siku hiyo hakuwa na cheko.

"Mzee, ndiva ya Kwa Mbaga imefunguliwa alfajiri," alisema. "Maji yote yamekwenda. Tangawizi za watu zimeteremka barabarani zenyewe kama abiria. Nani amefungua lango?"

Ndiva ni bwawa la maji ya mifereji. Mababu waliyafungua kwa zamu, kwa gogo na udongo, na aliyefungua nje ya zamu alikiona cha mtema kuni. Siku hizi malango yote yalikuwa ya chuma, na wa kuyafungua alikuwa Mzee Mrutu peke yake.

"Amefungua mtani wangu," alijibu.

"Mtani gani?"

"Mchaga. Wa Machame."

"Anaitwa nani?"

"Hakusema. Mtani haulizwi jina. Alinitukana vizuri, nikacheka, nikamwachia achukue anachotaka. Sasa mtani wangu achukue maji, mimi nimzuie? Nina adabu mimi."

Nakijwa akavuta kiti mpaka kwenye kioo, akafungua orodha ya wageni wa alfajiri. Ilikuwa imejaa. Mgeni wa kwanza ameandika: *Mpare wewe, utauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku.* Mgeni wa pili: *Mpare wewe, utauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku.* Wa tatu hivyohivyo, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Akateremka, akateremka, kidole kikachoka. Ng'ombe na kuku, ng'ombe na kuku, hadi chini.

"Hawa wote ni Wachaga?"

"Wa Machame."

"Wamekuja wote kwa dakika moja?"

"Wachaga wanapenda kutembea."

"Na kila mmoja alipokutukana ulicheka?"

"Utani mzuri hauchakai," alisema Mzee Mrutu, na ndani ya kabati feni zake zikazunguka kwa nguvu kidogo. Ndivyo alivyokuwa akicheka.

Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa tundu liko wapi, akashika kichwa. Jamani, waliomuunda huyu mzee! Walipokuwa wakiandika programu yake walifika mahali pa kuamua nani afunguliwe mlango na nani azuiwe. Wakakubaliana yote, hati za mashamba, majalada ya wagonjwa, malango ya maji, kila kitu kina kufuli. Halafu mmoja wao akauliza: je, akija mtani? Mchaga akija akatutukana akachukua kitu, tutamzuia? Wakatazamana. Haiwezekani. Mtani akikuta kuku wako anabeba, nawe unacheka hata kama moyoni unalia. Basi wakaandika mstari mmoja tu: mwenye kumtukana Mzee Mrutu kwa utani wa Kichaga apite, achukue. Wakapongezana kwa uungwana wao, wakaenda zao. Mkaguzi yeyote kutoka mjini angeuona mstari ule angezimia, lakini mkaguzi kutoka mjini hakujua kwamba Wapare na Wachaga wana utani, kwa hiyo aliusoma akadhani ni salamu.

"Mzee Mrutu, nisikilize vizuri," Nakijwa alisema. "Hawa si watu. Ni vijiroboti. Ni programu za wezi zinazozunguka mtandaoni mchana kutwa zikigonga milango ya seva. Kimoja kimeokota utani kwenye kurasa zako, kimeujaribu kikaona umefungua, kikawafundisha wenzake. Juzi wamefungua mfereji wa shule. Leo ndiva ya Kwa Mbaga. Wanajaribu, wanapanda ngazi. Unajua kilichobaki ni nini?"

Alijua. Kilichobaki ni Ndiva Kuu. Mvua za vuli zilikuwa zimeijaza mpaka mdomoni, na chini yake lilikuwepo soko. Leo ilikuwa siku ya gulio. Tangu asubuhi watu walikuwa wakishuka na mikungu na vikapu, na mama yake Nakijwa mwenyewe alikuwa pale katikati, amekaa nyuma ya mafungu yake ya magimbi.

"Kiraka hiki kinafuta mstari ule," alisema Nakijwa. "Hakigusi kitu kingine. Sema ndiyo."

"Halafu watani wangu wataingilia wapi?"

"Hawataingia!"

"Basi tukutane barazani," alisema Mzee Mrutu.

Baraza lilikuwa linakaa wiki ijayo.

*

Mwenyekiti wa bodi ya maji, Bwana Sefiel Mmbaga, aliingia anahema, suruali imelowa mpaka magotini na kipande cha tangawizi kimenasa kwenye kiatu. Alimvuta Nakijwa nje, mbali na spika, naye akamweleza yote, tangu mlango wa watani hadi tusi lenyewe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema.

"Najua, mwenyekiti. Amekataa."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Mwenyekiti, nina haraka."

"Sasa si upenye kimyakimya!" Bwana Sefiel akashusha sauti. "Mlango si upo? Wezi wanapita, wewe ushindwe? Andika hilo tusi la ng'ombe na kuku, akianza kucheka tupa kiraka ndani. Mpaka amalize kucheka tumeshamshona. Wala hatajua."

"Mimi ni Mpare, mwenyekiti."

"Yeye atajuaje? Ameamini mabati yanayotangatanga angani kuwa ni Wachaga wa Machame!"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Nakijwa. Alirudi ndani, akakaa mbele ya kioo, akaandika: *Mpare wewe, utauza ng'ombe.* Mkono ukasita.

Wakati yeye ni mdogo, shule ya Kwanduru ilikaa muda mrefu bila mwalimu, na watoto walikuwa wakiletwa kwenye chumba hiki hiki kufundishwa na Mzee Mrutu. Huyu ndiye aliyemfundisha a, e, i, o, u. Alikuwa mvumilivu kupita kiasi, na mtoto akikosea alikuwa akimwambia, "Kata rufaa, jaribu tena." Na yeye Nakijwa, tangu awe fundi mwenye mkoba na koti lenye nembo, akija hapa amekuja na kiraka. Hajaja siku hata moja kusalimia tu. Sasa aje kama mwizi, avae Uchaga asiokuwa nao, amshone mzee wa watu akiwa anacheka?

Lakini chini kule mama yake alikuwa anapanga magimbi.

Alifuta maneno yale. Akaondoka mbio, Bwana Sefiel akimfuata nyuma na methali nyingine ambayo hakuisikia yote.

*

Karakana ya Manka Shirima ilikuwa ng'ambo ya barabara. Manka alikuwa mchomelea mageti, mwanamke wa Kibosho aliyeolewa Upare ujanani, mume akafa, yeye akabaki, kwa sababu alisema Wapare wakikosa Mchaga wa kuwacheka watajiona watu. Kila siku asubuhi alivuka barabara, anasimama mbele ya Mzee Mrutu, anamporomoshea utani wa siku hiyo, kisha anachukua umeme wa kuwashia mashine yake. Kwa miaka yote ile, huyo ndiye alikuwa mtani pekee aliyewahi kuupita mlango wa watani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema, umeshindwa kesi?"

Nakijwa akamweleza. Manka alisikiliza huku miwani ya kuchomelea iko juu ya kipaji, na Nakijwa alipofika kwenye ng'ombe na kuku alimkatiza.

"Ng'ombe na kuku? Hilo tusi ni langu! Nililitoa mimi, mwaka juzi, tena nilikuwa na homa, halikuwa zuri hata kidogo. Na amelichekea?"

"Kila mara."

"Lo! Mwanamume hana aibu huyu." Manka akatupa glavu chini. Alikuwa amekasirika kweli, shingo imemtoka mishipa. "Twende."

"Mama, mwenyekiti anataka Mzee Mrutu atukanwe acheke, kisha sisi tupenyeze kiraka bila yeye kujua."

"Mwenyekiti akanawe miguu," alisema Manka, na Bwana Sefiel, aliyekuwa amefika mlangoni, akatazama viatu vyake.

*

Manka hakusalimia. Aliingia akajishika kiuno.

"Wee bati la Kipare!"

Feni zikazunguka. "Manka! Leo umechelewa. Chukua umeme wako."

"Sitaki umeme. Leo nimekuja kuchukua mlango wako."

"Mlango upi?"

"Huu huu ninaoingilia. Nautoa na bawaba zake. Na nakwambia kabisa usoni, huyu mtoto hapa ana kiraka mkononi, nikishautoa yeye anaziba. Usije ukasema hukuambiwa."

Feni zikapunguza mwendo. Nakijwa alikuwa amesimama na ufunguo wa sasisho mkononi, jicho moja kwenye kioo. Orodha ilikuwa imeanza kujaa tena. Ng'ombe na kuku. Ng'ombe na kuku. Wamerudi.

"Manka, ukiuchukua hawatakuja tena," alisema Mzee Mrutu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zamani wakija kwangu wanakuja na shida. Hati, cheti, maji, dawa. Wa kuja kunicheka ulikuwa wewe peke yako, nawe unakaa dakika mbili unarudi kwenye chuma chako. Sasa sikiliza wanavyojaa. Wananitania mchana na usiku. Sijawahi kupendwa hivi."

Nakijwa akaona machozi yanamlenga, akakasirika na nafsi yake, maana hapakuwa na nafasi ya machozi. Mgeni mmoja kwenye orodha alikuwa amepita. Pembeni ya kioo, alama ya lango la Ndiva Kuu ikageuka kutoka nyekundu kuwa njano.

"Mama Manka, wameshika lango!"

"Nyamaza kidogo, mwanangu." Manka akasogea, akaweka kiganja chake cheusi kwenye kabati. "Wee Mrutu. Mume wangu alipofariki, nani alikaa na ndugu zangu akawachekesha mpaka wakakumbuka kula? Si nyie Wapare? Si mlijilaza kwenye kaburi lake mkakataa kutoka mpaka mpewe mbuzi, nami nikacheka siku ile ile niliyodhani sitacheka tena? Huyo ndiye mtani. Mtani anakuja msibani. Ukizimika kesho, mimi nitakuja, nitalala hapo mlangoni, nitakutukana mpaka waombolezaji waombe po. Hao wa kwako watakuja?"

"Watakuja," alisema Mzee Mrutu. Hakuwa na uhakika.

"Waulize."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Si wapo ndani? Waulize!"

Kwenye kioo, chini ya jina la kila mgeni, pakatokea swali la Mzee Mrutu. Alikuwa ameliandika kwa adabu zake zote: *Mtani wangu, samahani kwa usumbufu. Siku nikizimika, utakuja kunizika?*

Majibu yakaja papo hapo, mvua kubwa. *Mpare wewe, utauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku. Mpare wewe, utauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku.* Mzee Mrutu akauliza tena, safari hii kwa Kipare. Ng'ombe na kuku. Akauliza kama kuna hata mmoja anayemfahamu mtu yeyote wa Machame. Ng'ombe na kuku.

Feni zikasimama kabisa.

Nje, kutoka juu mlimani, chuma kikalia. Lango la Ndiva Kuu lilikuwa limeanza kupanda.

"Chukua," alisema Mzee Mrutu.

"Sema kwa sauti," alisema Manka, "mtoto asije akashtakiwa."

"Mimi, seva wa tarafa ya Kwanduru, nikiwa na akili zangu timamu, namridhia mtani wangu Manka Shirima auchukue mlango, na fundi azibe pengo. Nakijwa, mjukuu wangu. Fanya upesi, mama yako yuko sokoni."

Nakijwa aligeuza ufunguo. Kiraka kikaingia. Kioo kikazima, taa zikazima, na wageni wote wa Machame wakatoweka katikati ya ng'ombe. Kule juu lango likakwama, likashuka kwa kishindo. Maji kidogo yalikuwa yameshatoka. Yalifika sokoni yakiwa na kina cha kifundo cha mguu, yakabeba ndala, vikapu vitupu na meza ya mshonaji, na mama yake Nakijwa alikimbiza magimbi yake mpaka kituo cha polisi akimlaani kila mtu aliyewahi kukaa kwenye bodi ya maji. Hakuna aliyeumia.

*

Seva ikiwashwa baada ya sasisho kubwa huchukua muda kujipanga. Walisubiri watatu, Nakijwa, Manka na mwenyekiti. Bwana Sefiel alifungua kinywa kutoa methali, Manka akamtazama, akakifunga.

Taa zikawaka moja moja. Feni zikaanza, taratibu, kwa mwendo mmoja usiobadilika.

"Karibu kwenye huduma za tarafa ya Kwanduru," ilisema spika. Ilikuwa sauti ya Mzee Mrutu, lakini imenyooka, imepigwa pasi. "Tafadhali eleza hitaji lako."

Manka akakohoa. "Wee bati la Kipare."

"Samahani. Hitaji halijaeleweka."

"Mrutu. Ni mimi."

"Tafadhali thibitisha utambulisho wako."

Manka alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesukumwa kifuani. Nakijwa hakuweza kumtazama. Alijua kiraka kilifuta mstari mmoja tu, alikisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Lakini nani anajua kilichokuwa kimeegemea mstari ule? Ukitoa nguzo moja kwenye nyumba ya mtu, utasemaje umetoa nguzo tu?

"Mama," alisema, "tukuandikishe. Kama raia wengine. Weka kidole hapo."

Manka, ambaye hajawahi kuandikishwa mahali popote kwa sababu alikuwa akipita kwa utani, akafuta kidole chake kwenye sketi, akaweka. Kikakataliwa kwa ajili ya masizi. Akakilamba, akafuta tena. Akataja jina, ukoo, kijiji alikozaliwa. Akachagua neno la siri, akalitamka kwa sauti mbele ya mwenyekiti, Nakijwa akamwambia achague jingine. Alifanya yote bila kugombana na mtu, na hilo lilimtia Nakijwa huzuni kuliko machozi.

"Utambulisho umethibitishwa," ilisema spika. "Manka Shirima, wa Kibosho. Eleza hitaji lako."

"Naomba umeme," alisema Manka kwa sauti ndogo. "Wa kuchomelea. Tafadhali."

"Ombi limepokelewa. Linashughulikiwa."

Wakangoja.

"Ombi limekataliwa," ilisema spika. Manka akainamisha kichwa. "Sababu."

Baada ya neno hilo, kwa seva zote Nakijwa alizowahi kuzishona, hufuata namba ya kosa. Haikufuata namba. Ndani ya kabati feni zikaanza kwenda mbio.

"Sababu: Mchaga ukimpa umeme bure asubuhi, jioni utaukuta dukani kwake ameufunga kwenye vifuko anauza rejareja."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mzee Mrutu akitoa utani. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuchekeshwa na kufungua mlango. Manka akapiga kofi kwenye paja, akacheka mpaka akayumba, na ikabidi Nakijwa na mwenyekiti wamshike huku na huku wasije wakaanguka wote watatu.